Jero ya saa nne: karanga, barafu au ubuyu?

Mzazi wa Mwanza anayempa mtoto shilingi mia tano ya shule kila asubuhi anaamua pia kuhusu meno ya mtoto huyo, ingawa kichwani anawaza njaa tu. Kengele ya saa nne ikilia, nje ya geti akina mama wameshapanga biashara: karanga kwenye vifuko vidogo, mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, ubuyu wa rangi, pipi za kijiti, barafu nyekundu na za njano ndani ya deli, maandazi, vipande vya nanasi, miwa iliyomenywa na kukatwakatwa. Bei zinakaribiana. Mdomoni havifanani hata kidogo. Ndiyo maana nimeviweka hapa kimoja dhidi ya kingine, pamoja na vile vya nyumbani, yaani uji, chai, soda, samaki, hadi maji ya kunywa, ili mwenye mtoto achague akijua anachagua nini.

Kipimo ninachotumia

Wengi tunapima kwa vijiko: mtoto kala sukari nyingi au kidogo. Kiasi kina uzito wake, nitakifikia kwenye soda. Lakini kwa meno, linaloumiza zaidi ni mara ngapi kwa siku sukari inaingia mdomoni, na kila ikiingia inakaa muda gani.

Juu ya meno huwa kuna utando laini, na ndani ya utando huo wanaishi bakteria. Wakipata sukari wanaila na kutoa tindikali. Dakika chache tu zinatosha. Kiwango cha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka tindikali ikizidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kuchomoka kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Mate ndiyo yanayotengeneza: yanaizimua tindikali na kurudisha madini mahali pake. Kazi hiyo huchukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Mtoto aliyekunywa chai ya sukari pamoja na kiamsha kinywa akamaliza, mate yake yanapata nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anayelamba pipi darasani, akanyonya barafu saa nne, akanunua ubuyu wa kula njiani, akafika nyumbani akakuta biskuti, mate yake hayapati nafasi mpaka usiku. Huyu wa pili huenda sukari yake ya siku nzima ni ndogo kuliko ya mwenzake, na bado ndiye ambaye meno yatatoboka.

Kwa hiyo kila chakula nakiuliza mambo yaleyale: kina sukari iliyotiwa? Kinanata? Kinanyonywa au kinatafunwa na kumezwa? Na mtoto atakirudia mara ngapi?

Kuna watakaosema haya ni meno ya utoto tu, yatang'oka yenyewe. Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Yakioza akiwa na miaka minne, mbele yake kuna miaka mingi ya kutafuna upande mmoja, kukosa usingizi na kukosa shule. Yaking'olewa mapema, meno ya jirani husogea kwenye pengo na jino la ukubwani linaota kombo. Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: mtoto akifika miaka sita hivi, magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Mzazi akiyaona anadhani ni ya utoto. Juu yake yana mifereji inayonasa chakula, na yanaota kipindi hichohicho mtoto anapoanza darasa la kwanza na kushika hela yake mwenyewe.

Nje ya geti la shule

Karanga na pipi ya kijiti. Hapa sihitaji kufikiri mara mbili. Karanga za kukaanga au za kuchemsha hazina sukari ya kutiwa, zinatafunwa, na kutafuna kunaleta mate. Zina mafuta na protini, kwa hiyo mtoto anashiba mpaka mchana. Pipi ya kijiti haishibishi chochote na inakaa mdomoni dakika kumi au zaidi, wakati mwingine imebanwa shavuni upande mmoja. Tahadhari moja kuhusu karanga: kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, punje nzima inaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Huyo mtwangie, umtilie kwenye uji au mboga. Na karanga hizohizo zikigeuzwa kashata zimehama upande, maana sasa zina sukari iliyopikwa inayonata kwenye mifereji ya magego.

Barafu na nanasi. Barafu ni maji, rangi na sukari. Mtoto anainyonya taratibu ili isiishe, na raha yake yote iko kwenye kuchelewa kuisha. Kwa meno hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote. Nanasi nalo lina sukari na uchachu, silifichi hilo, lakini sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda, mtoto anatafuna, anameza, basi. Nanasi za Sengerema na Geita zinapojaa sokoni, kipande kimoja kinashinda barafu kwa kila hesabu, hata ya joto.

Ubuyu wa rangi nimeuweka peke yake kwa sababu ndio unaonipa wasiwasi kuliko vyote vya getini, na ndio ambao wazazi hawauogopi. Tunasema ubuyu ni tunda, una vitamini. Unga wa ubuyu wenyewe ni mzuri kweli. Lakini ubuyu wa rangi umepikwa na sukari ukaganda juu ya mbegu, na chini ya sukari kuna uchachu wa asili wa tunda. Jino linapata tindikali ya aina mbili kwa mpigo, ile ya tunda na ile wanayotengeneza bakteria. Na mtoto anaunyonya mbegu moja baada ya nyingine, kifuko kimoja kinampeleka kuanzia mapumziko mpaka kipindi cha hisabati. Ningechagua kumpa soda moja Jumapili kuliko kifuko cha ubuyu kila siku ya shule, na nasema hivyo nikijua jinsi watoto wanavyoupenda.

Mihogo ya kukaanga na andazi. Mihogo. Andazi limetiwa sukari kwenye unga uliokobolewa, likitafunwa linageuka uji mzito unaokwama kati ya meno. Biskuti ni hivyohivyo, tena zaidi. Wanga wa muhogo nao huvunjwavunjwa na mate kuwa sukari kidogo, lakini madhara yake hayafikii ya wanga na sukari vikiungana. Hata hivyo andazi likiliwa na chai asubuhi nyumbani, mara moja, mezani, si adui. Linakuwa adui likiwa mfukoni mwa sare na linamegwa kidogokidogo.

Miwa watu huitetea kwamba inasafisha meno kwa nyuzi zake. Kutafuna kunaleta mate, ndiyo, ila kinachotoka kwenye muwa ni sukari yenyewe. Kipande kifupi baada ya chakula sawa. Muwa mzima wa kushinda nao mchana, hapana.

Soda, juisi na maji

Sasa kiasi. Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ile ya kutiwa pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mwili unapata kwa siku, na ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,400 kwa siku, ambayo ni makadirio ya kawaida kwa mwenye miaka mitano hivi, asilimia 10 yake ni gramu 35. Soda moja imemaliza siku nzima na kuzidisha, kabla ya chai, uji wala andazi.

Juisi ya nyumbani wengi tunaiona ni mkombozi. Tunasaga embe, pasheni, nanasi, tunachuja, tunaongeza sukari, tunajaza jagi kwenye friji. Ni kweli ina vitamini ambazo soda haina. Lakini kwenye mwongozo huohuo, sukari ya juisi inahesabiwa kuwa sukari huru hata kama hukuongeza kijiko, kwa sababu tunda likishasagwa na kuchujwa, sukari imetoka kwenye makazi yake. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo. Wanaotoa sukari kwenye uji na kuweka asali wakidhani meno yamepona hawajabadilisha kitu, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asali ni hatari kwa sababu nyingine, inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvishinda.

Nikilazimika kuchagua kati ya soda na juisi ya nyumbani, nachukua juisi, isiyotiwa sukari, glasi moja ndogo, pamoja na chakula. Lakini tunda lenyewe linaishinda juisi. Embe zikiwa msimu, mpe embe.

Soda ya Jumapili, mtoto ametoka kanisani, kuna wali na nyama, anakunywa akimaliza kula: sioni sababu ya kugombana nayo. Ninayogombana nayo ni ile chupa ndogo ya juisi ya dukani iwekwayo kwenye begi kila siku, mtoto anafyonza kidogo, anafunga, anafyonza tena. Kwenye chupa hiyohiyo weka maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa joto letu la mchana, mtoto mwenye maji karibu haombi barafu mara nyingi kama asiyenayo. Na akishakunywa kitu kichachu, iwe soda, ukwaju au juisi ya limau, asukutue kwa maji na asubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana enameli iliyolainishwa na tindikali inaliwa na mswaki.

Uji, na chupa ya usiku

Uji wa lishe, ule wa mahindi, mtama, soya na karanga, ni chakula kizuri. Kinachoubadilisha ni sukari na namna ya kuunywa. Linganisha watoto wawili wa miaka miwili. Mmoja anakunywa bakuli la uji uliotiwa maziwa na ndizi mbivu iliyopondwa, anamaliza, anakunywa maji. Mwingine uji wake uko kwenye chupa ya thamosi, una sukari, anamiminiwa kwenye kikombe cha mfuniko anazunguka nacho uani tangu asubuhi mpaka saa saba. Unga ni uleule, pengine umetoka kwenye mashine moja pale Buzuruga. Wa kwanza meno yake yako salama zaidi kwa mbali.

Bibi akisema uji bila sukari hauliki, usibishane naye. Punguza nusu kijiko kila wiki, mtoto hatagundua. Mtoto ambaye hajawahi kuonja uji mtamu hata hauulizi.

Usiku ndipo pabaya zaidi. Mtoto akilala mate hupungua sana, na bila mate tindikali inabaki pale ilipo. Chupa ya chai, ya juisi au ya uji mwepesi anayolala nayo mdomoni huozesha meno ya juu ya mbele kwanza. Ya chini hujificha chini ya ulimi, ndiyo maana unakuta mtoto wa miaka mitatu ya juu yamebaki visiki na ya chini mazima. Kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi kama inavyoshauriwa. Ila meno yakishaota yasafishwe, na baada ya mwaka mmoja chupa ipishe kikombe. Wakati wa kulala, kinachoruhusiwa ni maji.

Nisisahau dawa za maji za watoto. Nyingi zimetiwa sukari ili zinyweke. Mtoto anayetumia dawa ya muda mrefu, muulize mfamasia kama kuna isiyo na sukari, na ukimpa ya jioni, mpe kabla ya mswaki.

Dagaa au sangara, michembe au biskuti

Upande wa kujenga jino, sisi wa kando ya ziwa hatuna kisingizio. Minofu ya sangara ni protini safi, lakini kalsiamu iko kwenye mifupa, na mifupa ya sangara hatuli. Dagaa analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu na fosfeti vinaingia pamoja naye. Kwa mama mjamzito na mtoto anayekua, fungu la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba linafanya kwa meno kazi ambayo minofu ya bei kubwa haifanyi. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga ukisagwa na meno unayakwangua. Maziwa mgando yasiyo na sukari yanakaa kundi moja na dagaa. Yale ya pakiti yenye ladha ya stroberi yametiwa sukari, soma nyuma ya pakiti. Lakini dagaa hawafuti pipi. Mtoto anaweza kula dagaa kila siku na meno yakaoza vilevile kama mdomo haupumziki na sukari.

Bibi wa Magu au Misungwi akileta michembe na matobolwa, pokea kwa mikono miwili. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa vimechemshwa kwanza, ndiyo maana ni vitamu zaidi na vinanata. Kwa meno naitanguliza michembe, iliyopikwa ikaliwa na karanga au maharage. Matobolwa ya kutafuna makavu yanabaki kwenye magego, kwa hiyo yafuatwe na maji. Yote mawili nayaweka mbele ya biskuti bila kusita.

Maji ya bomba na ya kisima

Hapa nitakuwa mfupi. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo ndiyo yanayotoka kwenye bomba za mjini, yana kidogo tu ya floraidi, madini yanayoimarisha enameli lakini yakizidi yanatia jino madoa. Hayatatia meno madoa, na pia hayayalindi, kwa hiyo ulinzi utoke kwenye dawa ya mswaki: soma boksi, itafute yenye floraidi ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500. Chini ya miaka mitatu tumia kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane. Ateme bila kusukutua. Mzazi ashike mswaki mwenyewe mpaka mtoto ana miaka saba au minane. Mswaki wa mti unasafisha ukitumiwa vizuri, lakini hauna kipimo cha floraidi na mkono wa mtoto mdogo haufiki nyuma, kwa hiyo kwa watoto nachagua wa dukani.

Kwa ndugu walioko bara, kuelekea Shinyanga, hali inaweza kugeuka. Baadhi ya visima huko vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa kabla ya miaka minane, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, hutokea na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Yanayofaa kwa mtoto huko ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri au ya bomba. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda nayo hubeba floraidi, basi chungu cha watoto kipikwe bila magadi.

Kabla hujamwongezea jero

Leo jioni mkalishe mtoto kwenye mwanga, umwinue mdomo wa juu. Angalia pale jino linapokutana na ufizi. Mstari mweupe kama chaki ni dalili ya kwanza kwamba madini yanatoka, na hapo bado yanaweza kurudishwa kwa floraidi na kwa kubadilisha anachokula. Rangi ya kahawia au kishimo ni hatua nyingine. Mpeleke kwa daktari wa meno, hospitali ya Sekou Toure, ya Bugando au kituo kilicho karibu nawe, wakati jino bado linaweza kuzibwa. Ukisubiri mpaka alie usiku, mara nyingi kinachobaki ni kung'oa. Kisha kesho asubuhi mfungie karanga au kipande cha muhogo kutoka nyumbani, na ile mia tano mpe siku mojamoja, mkiwa mmekubaliana ataitumia kwa kitu gani.